Masikio ya Syombua

Twiga nawajua kwa vidole, hata umeme ukikatika.
Miaka ishirini na minane hapa Gikomba
nimechonga shingo, pembe, mikia,
na macho, kila mara macho yaliyokodolewa,
maana mnyama asiyeangalia huliwa,
na mtalii hanunui kilicholala.

Ndipo akaja Bi Nilmini, mwalimu wa hesabu kule Ngara,
kabeba gogo la mjakaranda kwa leso, kama mtoto.
"Ulikuwa langoni petu. Wameukata, wanapanua barabara.
Nichongee Budha, kimo cha chupa ya maji,
wa kukaa nyumbani. Yule tuliyekuja naye kutoka Galle
alipasuka kwa baridi kavu ya Julai."

Nikamwambia mti mbichi una kisirani:
uchonge leo, kesho utakucheka kwa ufa.
Tukaulaza chini ya kitanda changu miezi minne.

Ndinda mke wangu alifagia akiuzunguka kwa mbali.
Jumapili mchungaji akasoma: usijifanyie sanamu ya kuchonga.
Ndinda akanigeukia, kanisa zima likaona.
Usiku nikamwuliza, "Na vifaru elfu tatu
waliosomesha watoto wako, nani aliwapigia magoti?"
Hakujibu. Lakini gogo hakuliondoa.

Picha niliyoachiwa ilikuwa ndogo kama stempu.
Miguu niliiweza. Mkono wa kuume ulinishinda:
unapita gotini, vidole vinagusa chini.
Anaokota nini?
"Anaiita ardhi imtolee ushahidi," akasema Bi Nilmini.
Nikacheka hata tezo ikanidondoka.
Ardhi, mwalimu? Ya Nairobi?
Hii imeshatoa ushahidi kwa watu wanne
juu ya kiwanja kimoja,
kila mmoja na hatimiliki yake, kila mmoja na muhuri.
Naye akacheka. Kisha akatulia.
"Labda ndiyo maana anaigusa polepole."

Macho yalinitoa jasho.
Kufumba si kufuta. Kope zishuke,
na nyuma yake mtu abaki, yu macho.
Niliharibu vichwa viwili vya majaribio;
Mulandi, mwanagenzi wangu, akachemshia chai.

Masikio yalikuja yenyewe.
Marefu, yanakaribia mabega, ndewe tupu.
Bi Nilmini alieleza: alizaliwa mwana wa mfalme,
alivaa dhahabu nzito, akaja akaivua.
Lakini mkono wangu ulikuwa umeshafika Wamunyu
kwa nyanya yangu Syombua,
aliyevua pete zake za shaba siku ya ubatizo,
ndewe zikabaki zikining'inia
kama milango ya nyumba iliyohamwa.
Sisi wajukuu tulipitisha vidole humo.
Watu walisema bibi yule hasikii ndewe wala sikio.
Alisikia. Alikuwa akisikiliza kitu kingine.

Mulandi akaleta kopo la rangi ya viatu:
ndivyo mjakaranda unavyogeuka mpingo,
soko zima lajua, usimwambie mtalii.
"Muache na rangi yake," akasema mwalimu.
Nikampaka nta tu, kwa kitambaa cha fulana yangu.

Nilimpeleka mwenyewe, nimemfunga gazeti la jana.
Ghorofa ya tatu. Rafu, kati ya mita ya tokeni
na madaftari yasiyosahihishwa.
Akamwekea glasi ya maji. Basi.
Nikasema ukweli: sikio la kushoto ni nene,
naweza kulipunguza, nimekuja na patasi.
Akalishika kwa kidole gumba, kwa muda.
"Liache."

Siku hizi, saa saba mchana,
mikokoteni ikigombana na wauza mitumba,
naketi kwenye kigogo, mkono mmoja
nimeuacha ushuke hadi kwenye vumbi la mbao.
Mulandi anauliza kama naumwa.
Namwambia lete chai.

Twiga wa leo nimemshusha kope kidogo.
Sijui kama atapata mnunuzi.